Kona ya Kurudi

Asubuhi ile malori yalikuwa yamejipanga kutoka kwenye lango la yadi ya vifaa vya ujenzi hadi barabarani, na kila dereva alipiga honi kana kwamba honi ndiyo inayofungua lango. Mlinzi alikuwa mmoja tu, mwanamke mrefu, sweta la buluu limemkaa sawasawa mabegani, buti zimepigwa kiwi zikang'aa, filimbi mdomoni. Madereva walimwita Kamanda. Jina lake la nyumbani hapana aliyelijua pale, naye hakuona haja ya kulitangaza. Alikuwa akilirudisha nyuma trela la saruji, mikono juu, njoo, njoo, kulia kidogo, njoo, pale kitu kilipovuma juu ya kichwa chake kama nyuki aliyechokozwa, kikamvua kofia, kikaenda kujibwaga kwenye lundo la mchanga.

Trela likasimama. Hata honi zikanyamaza.

"Nani mwenye mdudu huyu?" akauliza Kamanda, filimbi imemning'inia kidevuni.

Akatokea mwanamume wa makamo, shati la drafti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, mguu wa kushoto akiuburuta nyuma yake. Mikononi alishika rimoti yenye vijiti viwili, na juu ya rimoti amebana simu.

"Samahani, dada. Nilitaka igeuke."

"Igeuke iende wapi?"

"Irudi kwangu."

"Na kofia yangu ilikuwa njiani?"

"Haikuwa njiani. Mimi ndiye niliyepotea njia."

Dereva wa trela, mtu mwenye domo ambalo hata honi yake ililionea wivu, akatoa kichwa dirishani. "Kamanda, huyo leo kakuvua kofia, kesho ataleta posa!"

Yadi nzima ikacheka. Kamanda hakucheka. Aliokota kofia, akaipangusa, kisha akaiokota na ile droni kutoka mchangani na kumkabidhi mwenyewe. Alipomkabidhi aliona viganja vyake, vigumu, vimejaa makovu membamba yaliyonyooka, makovu ya bati. Akajua huyu si mtu wa kuchezea midoli.

Kweli hakuwa. Alikuwa fundi wa kuezeka, na watu walimwita Fundi basi, kama vile mafundi wengine wote ni wanafunzi wake. Nusu ya maghala ya mji ule aliyaezeka yeye, mpaka alfajiri moja bati lenye umande lilipomtelezesha akaanguka na kuvunjika nyonga. Waliiunga kwa vyuma. Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno kwamba nyonga ile haitavumilia kuanguka tena. Na mkandarasi aliyekuwa akimpa kazi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa biashara tu, alimpa droni ya wanaojifunza na kumwambia: "Jifunze kurusha hii. Ukiweza kulizungusha ghala zima, kona zote, picha zikawa laini bila kurukaruka, nitakuweka chini uwe mkaguzi wangu wa mapaa. Ukishindwa, ngazi ipo. Ukiikataa ngazi, njia ya kwenu unaijua."

Ndiyo sababu alihitaji uwanja. Na nyuma ya yadi ile palikuwa na uwanja mpana wa kugeuzia malori, ambao mchana ulikaa mtupu. Mwenye ruhusa ya kumwingiza mtu pale alikuwa Kamanda.

"Mchana tu, malori yakishatoka," alimwambia siku ya pili, uso mkavu. "Na kofia yangu ukae mbali nayo."

"Kofia nitakaa mbali nayo. Mwenye kofia je?"

"Usinijaribu, Fundi."

Lakini mchana huohuo alijikuta amesimama pembeni ya uwanja na chupa yake ya maji, anatazama.

Kwenda mbele Fundi aliweza. Kupanda na kushuka aliweza. Kona ndiyo iliyomtoa jasho. Aligeuza droni kama anavyokunja bati: simama, pinda, endelea. Kwenye kioo cha simu picha iliruka kama mtu aliyegutushwa usingizini. Akijaribu kugeuza bila kusimama, pua ya droni iligeuka lakini mwili wake uliendelea kuteleza kulekule ulikokuwa ukienda, ubavu ubavu, mpaka ikaukaribia ukuta naye akapiga kelele kama anayemwita mbuzi.

Kamanda alivumilia, alivumilia, mwisho akashindwa.

"Wewe unakata kona ukishafika," alisema. "Dereva wangu akifanya hivyo, lango limekwisha. Anza kuukunja usukani kabla, kidogo kidogo. Hicho kijiti cha mwendo usikiachie, mwendo ubaki uleule. Na kabla kona haijaisha, wewe umeshaanza kuunyoosha."

"Umewahi kuendesha lori?"

"Hata baiskeli sijawahi. Lakini wanaogonga nimewaona wengi."

Fundi alicheka mpaka akashika nyonga. Kisha akajaribu. Kidole gumba kimoja kikasukuma mbele, kingine kikagusa upande taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Droni ikainama kidogo, ikapinda, ikaenda. Haikusimama. Haikuteleza. Wote wawili wakaifuata kwa macho.

"Haya," Kamanda akasema, sauti imelainika bila ruhusa yake. "Sasa irudi."

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Droni ikiwa inakwenda, mgongo wake kwako, kulia kwake ni kulia kwako. Ikigeuka kukuelekea, mambo yote yanapinduka: ukisukuma kijiti kulia, yenyewe inakwenda kushoto kwako. Kichwa cha Fundi kiliyajua hayo. Vidole vyake vilikataa katakata. Kila iliporudi aliipoteza, mara ukutani, mara mchangani, na siku moja kwenye ndoo ya maji ya mama wa kufagia, aliyemtukana mpaka akamaliza akaanza upya.

Ni Kamanda aliyeipata dawa, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kusimama uso kwa uso na mtu ambaye kulia kwake ni kushoto kwako. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akasimama akimtazama Fundi, droni juu ya kichwa chake nayo ikimtazama Fundi.

"Mimi na hii sasa tunatazama upande mmoja," alisema. "Mkono wangu wa kulia, kijiti kulia. Mkono wa kushoto, kijiti kushoto. Usiulize kulia kwa nani. Nitazame mimi."

Alimtazama. Na kusema kweli hakuwa na shida ya kumtazama. Mikono ile ilipanda, ikashuka, ikavuta hewa polepole kama inavyowavuta madereva, na droni ikaja, ikapinda juu ya lundo la kokoto, ikapinda tena, ikatua miguuni pa Fundi bila kuinua vumbi.

Tangu hapo ikawa hivyo. Kwenda alikwenda mwenyewe. Kurudi ndiko alikomhitaji.

Mapenzi, jamani, hayapigi hodi. Yalianza na maji ya kunywa, yakaingia kwenye simu za jioni.

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika. Na wewe mguu wako?"

"Umelala. Mimi ndiye niko macho. Kamanda, filimbi umeshaivua?"

"Fundi, umenipigia uulize filimbi?"

"Nimepiga nisikie sauti isiyokuwa na filimbi."

"Mwone! Na uzee huo."

"Uzee wa nani? Nimevunjika nyonga, sikuvunjika moyo."

Kamanda alikuwa akicheka peke yake chumbani, amejilaza na sare yake, buti mguuni, mwanamke ambaye alikuwa amesahau kwamba ana kicheko. Asubuhi alianza kupaka mafuta ya midomo chini ya filimbi. Dereva wa trela aliona. Dereva wa trela aliona kila kitu isipokuwa nguzo za lango.

Siku Fundi alipomwambia anamtaka wawe mke na mume, walikuwa wamekaa juu ya matofali, droni katikati yao kama mtoto. Kamanda alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Mume wangu alikuwa fundi umeme," alisema. "Asubuhi alipanda nguzo mzima. Jioni wakuu wake waliniletea kofia yake ya kazi na kiatu kimoja. Cha pili hakikuonekana. Mpaka leo nikiona kiatu kimoja kimetupwa barabarani, nainama natazama namba." Akairudisha kofia kichwani. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nakupenda, Fundi, sikufichi. Lakini mtu wa juu simtaki tena. Sina kifua hicho."

"Ndiyo maana najifunza, roho yangu. Nibaki chini."

"Ukishinda jaribio la mkandarasi, mikono yangu yote miwili ni yako. Ukirudi kwenye bati, tusitafutane."

"Nitashinda."

"Kwanza kaka yangu akuone. Ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa. Neno lake ninaliheshimu."

Wakapanga kaka aje siku ya mapumziko, alasiri. Kamanda alinunua gauni la njano lenye mikono mifupi, la kwanza lisilokuwa la buluu tangu alipofiwa.

Sasa, Fundi naye alikuwa na jambo lake moyoni. Hakutaka kuoa mwanamke ili awe taa yake ya barabarani. Alitaka siku moja amwambie: kaa, mpenzi, pumzika, naweza kurudi mwenyewe. Kwa siri alikuwa amevumbua mbinu. Droni ikianza kurudi, yeye aligeuka mwili mzima akaipa mgongo, akaitazama kwa kupindisha shingo juu ya bega. Hapo yeye na droni walitazama upande mmoja, na kulia kukawa kulia. Tena alikuwa amejifunza kuufunga mtandao wa simu kabla ya kurusha, maana simu ndiyo iliyokuwa kioo chake, na mtu akipiga, picha hukatika. Yote hayo hakumwambia Kamanda. Alikuwa akimtunzia.

Siku ya mapumziko ikafika, na kaka, ambaye ni mtu wa kuwahi mpaka misiba isiyomhusu, akafika asubuhi badala ya alasiri. Kamanda akapiga simu kumtahadharisha Fundi. *Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.* Akapiga tena njiani. Akapiga langoni. Haipatikani.

Walimkuta uwanjani. Droni ilikuwa hewani, inaanza kona ya kurudi. Fundi aliinua uso akawaona, Kamanda aliona kabisa kwamba amewaona. Kaka akanyoosha suti yake, akatoa sauti ya heshima: "Habari za hapa, bwana!"

Fundi akageuka, akawapa mgongo.

Mabawa ya droni yalikuwa yakinguruma, salamu haikumfikia, na yeye alikuwa ameiweka roho yake yote kwenye ile kona. Ikapinda laini, kwa mara ya kwanza bila mikono ya mtu, ikatua mbele yake kama jani. Akageuka, uso mzima ni meno, awaonyeshe. Palikuwa na vumbi la langoni tu.

"Dalili ya mvua ni mawingu," kaka alisema barabarani, anatembea upesi. "Mwanamume ananipa mgongo siku ya kwanza, tena ameniona. Nikuache kwa huyo? Simu hapokei, salamu haitikii. Dada yangu, wewe umekosa nini?"

Kamanda alimfuata nyuma. Gauni la njano lilimbana kwapani.

Jioni simu iliita.

"Mpenzi, mbona mmeondoka? Nilikuwa nageuka ili…"

"Nimekuona ukigeuka."

"Siyo hivyo, nisikilize. Nikigeuka, kulia inakuwa…"

"Fundi, nilikupigia njia nzima. Njia nzima! Nimemleta ndugu yangu, mkubwa wangu, na wewe unaendelea na midoli. Nilikuomba kitu kimoja, umwitikie salamu."

"Sikumsikia."

"Na macho nayo hayakusikia?" Akakata.

Hasira ya Kamanda haikuwa ya kelele. Ilikuwa ya kufunga mlango. Siku zilizofuata hakupokea simu, na mchana alikaa langoni akauacha uwanja peke yake. Fundi akatuma ujumbe wa sauti. "Jaribio ni kesho asubuhi, ghala kubwa la kule mwisho wa barabara ya maghala. Sitakusemesha usipotaka. Nyonga yangu inagoma kugeukageuka, sijiamini. Njoo usimame tu. Nahitaji mikono yako." Kamanda aliusikiliza akiwa amesimama, akausikiliza akiwa amekaa, akausikiliza mpaka betri ikaisha.

Asubuhi aliomba ruhusa kazini, akavaa lile gauni la njano. Amefika karibu na barabara ya maghala akaona ni vizuri amwambie. Alikuwa na maneno tayari: *nisubiri, nakuja.* Akapiga.

*Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.*

Akasogea kivulini akapiga tena. Haipatikani. Mtu anakuita, kisha anazima simu. Akaukumbuka mgongo. Akamkumbuka kaka yake. Akajiambia huyu amechoka kunisubiri, na kama hajachoka basi ananichezea, na mimi si mtoto. Malori yalipita yakaliwekea gauni vumbi. Alikuwa amebakiza mtaa mmoja. Akarudi nyumbani, akavua gauni, na kabla jua halijazama alikuwa ofisini kwa mkuu wake anaomba ahamishiwe lango lingine, popote, mradi lisiwe na uwanja nyuma.

Walimpeleka kwenye maghala ya nafaka, upande wa pili wa mji. Lango jembamba, kelele tele, hapana anayemjua. Filimbi ikarudi mdomoni ikakaa. Mafuta ya midomo yakakauka kwenye kichupa.

Ilipita muda. Kisha mchana mmoja wa jua la kupasua mawe, honi aliyoijua ikalia nje. Alikuwa dereva wa trela, safari hii amepakia bati.

"Kamanda! Kumbe umejificha huku! Yadi imekuwa kaburi."

"Bati za nani?"

"Za mkandarasi. Anaezeka upya ghala lenu hili, hamkuambiwa? Mafundi wameingilia lango la nyuma tangu asubuhi." Akashusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Pole na mambo ya Fundi wako."

"Si wangu. Mambo gani?"

"Hukusikia? Siku ya jaribio mimi nilikuwepo, nilipeleka misumari. Bwana yule alikuwa anatazama barabarani tu. Mkandarasi anasema anza, yeye anasema subiri kidogo, kuna mtu. Anza. Subiri kidogo. Mwisho akaanza. Alikwenda vizuri, wallahi, laini kama mafuta. Ilipofika kurudi, akageuka akaipa mgongo, sijui mbinu gani ile, nyonga ikakwama. Akapepesuka, na rimoti mkononi. Droni ikajipigiza kwenye tangi la maji, ikawa vipande."

Kamanda aliuliza, na hakuitambua sauti yake. "Simu yake ilikuwa wapi?"

"Simu si hapo juu ya rimoti? Ndiyo televisheni yake. Mtandao anaufunga, simu ikiingia picha inakatika. Ina maana hakukwambia?"

Hakumwambia. Wala yeye hakumpa nafasi ya kumwambia. Kamanda alishika nguzo ya lango.

"Sasa yuko wapi?"

Dereva alitazama juu.

Paa la ghala lilikuwa refu na kali, bati kuukuu zimeng'olewa upande mmoja. Mafundi wengine walikuwa wameshuka kula. Karibu na kilele, peke yake, amekaa mtu mwenye shati la drafti, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooka kama si wake. Hakuwa anapumzika. Mtu anayepumzika hashiki bati kwa mikono yote miwili.

Kamanda akapiga simu. Iliita. Safari hii iliita.

"Haloo." Sauti ilikuwa ndogo.

"Uko juu ya nini?"

"Niko kazini."

"Mimi niko chini yako. Tazama lango."

Alimwona akitafuta kwa macho, akampata.

"Nyonga imekwama?"

"Imekwama. Mguu umekufa ganzi. Nimewaita, wako nyuma, hawasikii. Bati zinaunguza, mpenzi. Sijui nitakaa mpaka lini."

Dereva alikuwa ameshakimbia kuwaita mafundi wengine, lakini Kamanda alijua ngazi ni moja na bati zile kuukuu hazibebi watu wawili. Akatembea mpaka mbele ya ghala, mahali anapoonekana, akaiweka simu mfukoni kifuani, sauti imefunguliwa. Akainua mikono.

"Mkono wangu wa kulia, mguu wako wa kulia," alisema. "Usiulize kulia kwa nani. Nitazame mimi."

"Unaogopa, mpenzi."

"Hiyo si kazi yako. Kulia kidogo. Kidogo. Kaa hapohapo, pumua. Kulia tena."

Alikuja akiburuza makalio, kiganja kwa kiganja, akifuata mstari wa misumari. Bati zililia. Kamanda hakushusha mikono hata mara moja, mabega yakimwaka moto. Alipokaribia ngazi, Fundi akataka kujipinda kwa mkupuo, kama zamani, simama, pinda.

"Wee! Anza kugeuka sasa hivi, kabla hujafika. Kidogo kidogo. Usikiachie kiganja cha mbele. Hivyo. Hivyo, kipenzi."

"Nikigeuka sitakuona tena."

"Utanisikia. Nipe mgongo."

"Nikupe mgongo?"

"Nipe. Safari hii nimeomba mimi."

Akageuka. Polepole, bila kusimama, mwili mzima ukapinda juu ya bati kama kona ambayo walikuwa wameitafuta mchana mwingi kwenye uwanja wa malori, na mguu ukashuka ukaigusa ngazi. Haikupata kutokea kona laini kama ile. Na hapana simu iliyokuwa ikiipiga picha.

Alipofika chini alikaa kwenye udongo, viganja vimeiva. Kamanda akachuchumaa akavimwagia maji ya chupa yake. Wote wawili walikuwa wakilia, na hapana aliyejali.

"Nilikuja," Kamanda alisema. "Nilibakiza mtaa mmoja. Nilipiga, haikupatikana."

"Nilikusubiri mpaka wakanicheka."

"Nimejua leo."

"Mimi ndiye ningesema mapema. Nilitaka nikushangaze." Akatabasamu kwa shida. "Nikakushangaza."

Akamshika mkono, ule wa kulia. "Nioe mimi, Kamanda. Au nikuoe, vyovyote utakavyo. Hivihivi nilivyo."

Kamanda alikuwa ameyangoja maneno hayo, na moyo wake wote ulikuwa umeshasema ndiyo. Ni mdomo tu uliouliza.

"Kesho utapanda?"

Fundi alitazama trela la bati lililosimama langoni. "Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema. "Waliosema hawakuwa wahunzi. Droni nyingine mkandarasi hanipi, ameshamweka mtu mwingine. Mimi najua bati, Kamanda. Nikiliacha, nitakuoa nikulishe nini? Nikae nyumbani nikutazame unavyotoka na filimbi?"

"Nikikuambia usipande?"

"Sitapanda. Sema tu."

Angeweza kusema. Alilishika neno ulimini. Akamwona Fundi wa mwaka ujao, amekaa mlangoni, mtu aliyewahi kuezeka nusu ya mji, akimchukia polepole mwanamke aliyemshusha. Kisha akajiona yeye, kila asubuhi akitazama saa, kila honi ikimgutusha, mpaka siku watu wenye suti watakapokuja na kiatu.

"Siwezi kukwambia usipande," alisema. "Na siwezi kukaa ndani nikusubiri. Nakupenda mpaka naumwa, Fundi. Lakini kiatu kingine siwezi kukipokea."

Fundi akainamisha kichwa. Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Kamanda, kwamba hakumlaumu.

"Basi niachie japo kitu kimoja."

"Ukishuka, nipigie. Kila jioni. Uniambie umeshuka, basi. Usiniulize nimekula nini, usinichekeshe. Ukinichekesha nitakuja kwako, na nikija nimekwisha."

Kesho yake alipanda. Kamanda alilipa paa mgongo siku nzima, akatazama barabara. Jua lilipoanza kuinama simu ikaita.

"Nimeshuka."

"Haya."

Ikawa hivyo. Ghala lile likaisha, akaenda kuezeka lingine mbali, kisha lingine, na Kamanda hakuuliza wapi. Kaka alimletea habari za mwanamume mmoja mjane, mwenye duka, mtu wa chini kabisa, hata ngazi hana. Kamanda akasema atafikiri. Hakufikiri. Jioni simu iliita, nimeshuka, haya, na maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa nyumba yao.

Jioni moja ya mawingu mazito simu ilichelewa. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha upande wa mashariki, na bati likilowa kila mtu anajua. Kamanda alikuwa akimrudisha nyuma dereva wa trela, mikono yote miwili juu, njoo, njoo, kushoto kidogo, macho kwenye magurudumu na masikio mfukoni. Malori mengine yamejipanga nyuma, honi juu ya honi. Trela lilikuwa limefika katikati ya lango, pembamba kama tundu la sindano, mahali ambapo mlinzi hashushi mikono hata nyoka akimpanda mguuni.

Simu ikaita.

Kamanda akashusha mikono.

"Kamanda!" dereva akapiga kelele dirishani. "Niingie au nisiingie?"

"Simama hapohapo!" Akaiweka simu sikioni, kiganja kimeziba sikio la pili, mvua ikimpiga kofiani. Upande wa pili alisikia kwanza pumzi tu, pumzi za mtu aliyechoka sana.

"Nimeshuka."

Alifumba macho. Honi zilikuwa zikilia mpaka barabarani.

"Haya," alisema.

Akairudisha simu mfukoni, akainua mikono, akamwita dereva aje.